Simeon Kingori Mutahi, Aliyepima Moto wa Kuni Mbichi (1933–1989)

Simeon Kingori alizaliwa tarehe 17 Agosti 1933 huko Tetu, Nyeri, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mutahi na marehemu Wakonyo. Mama yetu alizoea kusimulia kwamba Kingori alitembea kabla ya kutambaa. Sisi wadogo zake hatukuliamini hilo hata siku moja, kwa kuwa Kingori tuliyemjua hakuharakisha kitu. Alikula polepole, aliongea polepole, na ukimwuliza saa alisikiliza kwanza kama saa yake bado inakwenda.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka wa 1943, akaingia sekondari mwaka wa 1951. Akiwa kidato cha pili, siku moja mvua ya mawe ilinyesha, na mwalimu wa sayansi akawatuma wanafunzi wayakusanye mawe hayo kwenye kopo. Aliliweka kopo motoni, akatumbukiza kipimajoto. Moto ukawaka, barafu ikawa inayeyuka, lakini kipimajoto kikabaki kwenye sifuri. Kingori akanyoosha mkono, akasema kipimajoto kimeharibika. "Hakijaharibika," mwalimu akamjibu. "Moto una kazi mbili, kuyeyusha na kupasha. Haujamaliza ya kwanza." Siku hiyo alijifunza kwamba kuna joto linalojificha ndani ya maji, na kwamba kugeuza maji yanayochemka yawe mvuke hula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke. Hayo aliwaeleza watu wote waliokosea kuketi karibu naye. Mwisho wa mwaka wa 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na masomo yake yakakatikia hapo.

Mwaka wa 1957 alipata kazi Sagana, kwenye boila ya kiwanda cha mbao, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Tarehe 1 Februari 1965 akaajiriwa kusimamia boila ya kiwanda cha chai, juu kidogo ya Kangema. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, hana mke, na mama alikuwa amechoka kumwombea. Ndipo akakutana na Murugi, binti wa Mzee Hezekiah Ndungu, mkulima wa chai na mwanakamati wa kiwanda. Wazee wakakubaliana, arusi ikapangwa iwe Agosti 1967.

Mwezi wa Mei mwaka huo jina lake lilichafuka. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Februari, boila ilikuwa imechoma tani arobaini za kuni. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kutwa, ilichoma tani sabini na nane kwa chai ile ile. Mzee Hezekiah alisimama kwenye kamati. "Boila ni ile ile, chai ni ile ile. Sasa hiyo tani thelathini na nane imeenda wapi? Huyu ni mwizi, na msichana yangu hawezi kuolewa na mwizi!" Kingori akapewa wiki moja ajieleze, la sivyo afunge virago.

Siku mbili hakuweza kula. Siku ya tatu Murugi alimfuata kwenye rundo la kuni, akajaribu kuinua gogo moja, akaliachilia. "Wewe, hii kuni iko na maji! Hata mimi nimezaliwa nikibeba kuni, hii siwezi. Na unataka ichemshe boila?" Kingori alimtazama, kisha akaenda kutafuta chaki. Kwa muda wote wa ndoa yao Murugi alisema hesabu ilikuwa yake, mume wake aliiandika tu, na marehemu hakuwahi kubisha.

Jumamosi tarehe 27 Mei aliita kamati kiwandani. Alipima ratili kumi za vipande vya kuni kutoka kwenye rundo, akaviweka ndani ya mashine ya kukaushia chai. Vilipotoka vilikuwa ratili tano. "Hizi zingine tano ni maji," akasema. "Mlinunua maji, mimi nikayachemsha." Kisha akawasha mioto miwili, mmoja wa ratili kumi za kuni kavu na mwingine wa ratili kumi za mbichi, kila mmoja chini ya debe la maji. Debe la kwanza lilitokota. La pili halikutoa hata povu.

Akageukia ubao. Kwa kuwa nusu ya kuni ni maji, moto wake ni nusu. Na katika nusu hiyo, sehemu moja ya saba inapotea ikiyageuza maji hayo kuwa mvuke, yatoke kwa bomba la moshi kabla boila haijaonja kitu. Akazihesabu na kuni kavu vivyo hivyo, maana nazo zina maji kidogo. Jibu likawa kwamba kazi ya tani arobaini kavu inahitaji tani sabini na saba na nusu mbichi.

"Kitabu ya kuni inasema sabini na nane," akasema Mzee Hezekiah. "Nusu iko wapi?"

"Hiyo tumechemshia chai, mimi na Dawud, yule askari wa gate."

Watu wakacheka, Mzee hakucheka. Kingori akamwambia kwa heshima, "Mzee, ukileta majani yako yakiwa na umande, karani anakukata uzito ya maji. Hii kuni nayo, ni nani alikata maji yake?"

Kamati ikamwacha kazini. Wote walikuwa wakulima, na kila mmoja alikuwa amekatwa. Mwezi uliofuata kiwanda kilijenga banda la kuni, na tangu hapo kuni hazikuchomwa kabla ya kukaa mwaka mzima.

Arusi ilifungwa tarehe 19 Agosti 1967, na Mzee Hezekiah akamtoa binti yake kwa mikono miwili. Lakini lile neno "mwizi" hakulifuta. Marehemu naye hakumdai. Kwa miaka ishirini na miwili walikula meza moja na kupaliliana chai, na mwana wa kiume wa pili akaitwa Ndungu kwa jina la Mzee. Ilikuwa nyumba ya furaha, tunasema bila kuongeza chumvi.

Mwaka wa 1988 marehemu alianza kuugua moyo. Akiwa amelazwa Nyeri, alimwomba muuguzi akiache kipimajoto kwapani dakika moja zaidi, "kimalize kazi." Alifariki Jumanne tarehe 31 Oktoba 1989, saa tatu asubuhi, Murugi akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Murugi. Watoto wanne, Moffat Mutahi, Monicah Wakonyo, Ndungu na Warigia. Na sisi wadogo zake. Ameacha pia Mzee Hezekiah, mwenye umri wa miaka themanini na sita. Tulipomwandika hapa kuwa baba mkwe, alituambia tufute. "Andika baba," akasema. "Na usome kwa nguvu watu wote wasikie, kwa sababu ile siku nilimwita mwizi, watu wote walisikia. Huyu kijana hakuiba hata kijiti. Nimekawia kusema."

Tumeandika, na tumesoma. Apumzike kwa amani, na jina lake likiwa safi.