Zamu ya Protais kwa Maître Mukansanga

Kijiwe chetu hapa Kamembe ni ubao mmoja juu ya matofali, kando ya chupa ya kahawa ya Maman Odette. Ng'ambo ya barabara ni ofisi ya Maître Mukansanga, wakili aliyesomea theolojia kabla ya sheria. Familia zikigombana, makanisa yakipasuka, wote humiminika kwake, na mimi mama huyo namvulia kofia. Leo mwenzetu Protais alikuwa anakwenda kumwomba amwite kaka yake, Fabien wa Giheke. Tangu kanisa lao ligawanyike, ndugu hao hawasalimiani. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa Joselyne, binti wa Protais, na kwa desturi baba mkubwa ndiye wa kuwajibu. Fabien amekataa kuja.

Sinodi, shemasi mstaafu anayejua habari za kila kanisa, ndiye aliyeanza.

— Usiogope, Protais. Maître eko na sheria mukono moja, Biblia mukono ingine. Fabien akikwepa moja, ile ingine inamukamata.

— Bongo, uongo mutupu! alidakia Duani, mpitisha mizigo wa mpakani. — Anafungaka kula kwanza, mbele batu bakuye kwake. Njaa njo inamuonesha mwenye makosa.

— Mimi nimelala na njaa mara ngapi, nikasema, na mwizi wa kuku zangu sijamwona!

— Weye haukusoma theolojia, Duani akanijibu.

— Sikilizeni, Sinodi akapandisha sauti. — Ile kwaya ya Bugarama, yenye iligombana juu ya gita? Baliingia kwake na hasira, bakatoka banaimba. Maître anasikiaka harufu ya muongo kwa pumuzi yake!

— Basi asivuke barabara, Duani akamjibu. — Akisikia pumuzi yako weye, atazimia!

Tulicheka mpaka ubao ukatikisika. Protais hakucheka.

— Mi nataka kitu moja tu. Amuambie Fabien kwamba eko na kosa ya kuacha kanisa yetu, akuye Jumamosi. Mutoto wangu asimame mbele ya batu bila baba mukubwa? Ile ni haya kubwa.

Nilimwonea huruma sana.

Mama mmoja mgeni, mfanyabiashara wa Bukavu aitwaye Nsimire, alikuwa ameketi mwisho wa ubao akipuliza kahawa yake.

— Ule Maître? Mi nilipitaka kwake na wifi yangu, juu ya nyumba ya marehemu kaka yangu. Hafungi kula, hanusi muntu. Anakuambia: mbele ya kusema maneno yako, sema kwanza ya mwenzako, vile yeye mwenyewe angesema. Mpaka mwenzako aitike, "Ee, njo vile." Mi nilishindwa, nikalia. Makosa ya wifi niliyajua yote. Yenye ilimuumiza, sikujua.

Akamgeukia Protais, bila hila yoyote.

— Na weye, Papa? Mukubwa yako anasema aliondokaka kanisa juu ya nini?

Protais akamtazama Sinodi. Sinodi, anayejua hata askofu anakula nini, akatazama kikombe.

— Juu ya ule pasteri mupya... alianza Duani, kwa kubahatisha tu.

Tulikuwa tumemhukumu Fabien miezi yote ile, kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Niliona aibu.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Maître akachungulia, miwani juu ya kichwa.

— Papa Protais, karibu! Uko tayari?

— Apana, Maître. Siko tayari.

Protais akasimamisha pikipiki ya abiria iliyokuwa ikipita.

— Unaenda wapi weye? Sinodi akapiga kelele. — Zamu njo yako!

— Giheke. Naenda kumuuliza.

Pikipiki ikaondoka. Maître alisimama akiitazama mpaka ilipopotea kwenye kona. Kisha akafunga ofisi, akavuka barabara na kuja kumsubiri Protais pamoja nasi. Nikamsogezea nafasi kwenye ubao.