Mama Mvua na Magodoro ya Kaka

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda maneno mengi nitajitahidi kufupisha, ingawa mlionizoea mmeshaanza kutafuta viti.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mvua, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili, wakiachiana ziwa na kaka yetu mkubwa, na hawa wawili walikula sahani moja, wakavaa viatu kwa zamu, wakinuniana asubuhi, ikifika jioni wameshasahau.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1976, na mwaka 1985 akahitimu uhandisi wa mitambo, kisha Januari 1986 akaajiriwa katika ofisi ya wahandisi iliyo juu ya duka la rangi, ambako alibaki hadi kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuchora vinyunyizio, yaani yale mabomba ya darini yenye vichwa vidogo vinavyojifungua vyenyewe vikipata joto, hasa kwa maghala marefu ya vyombo na samani za nyumbani, na mafundi bomba ndio waliompa jina la Mama Mvua. Jamani, alituchosha mezani! Alitueleza kwamba sinema zinatudanganya, vinyunyizio havifunguki vyote kwa pamoja bali vile tu vilivyoguswa na joto, kwamba moto wa sufuria zilizofungwa kwenye maboksi ni mpole lakini wa godoro la sponji una hasira, na kwamba paa likiwa juu sana matone madogo hugeuka mvuke kabla hayajafika chini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu mwalimu, katika ukumbi wa hoteli, na mlioalikwa mnakumbuka kwamba bibi harusi aliingia akitazama juu, akaona wapambaji wamefunga utepe kwenye vinyunyizio, akakataa katakata kuketi mpaka ngazi iletwe ufunguliwe, ndiyo maana shemeji anasema hadi leo kwamba alioa mke mwenye mume mwingine, naye ni dari. Walijaliwa binti mwaka 1989 na mwana mwaka 1992.

Mwaka 1998 kaka alijenga ghala, dada akamchorea mabomba kama zawadi, kwa ajili ya sufuria, sahani na glasi alizokuwa akiuza wakati huo. Biashara ikapanuka, na mwaka 2011 dada alipopita kumsalimia akakuta magodoro, makochi na mabeseni ya plastiki yamepangwa kwenye rafu hadi karibu na paa, na chini yake wapakuzi wanapiga soga. Akamwambia kaka kwamba mabomba yale ni ya sufuria, hayawezi kitu mbele ya magodoro, aweke vinyunyizio vingine ndani ya rafu zenyewe, na kati ya mzigo na mzigo aache upenyo maji yapite. Kaka akacheka, akasema, "Sasa dada, unataka nipangishe hewa?"

Dada akakataa kutia sahihi cheti cha usalama wa moto cha ghala cha mwaka ule, kaka akaona amedhalilishwa na damu yake mwenyewe, akasusa. Michoro mipya aliyopelekewa haikupata jibu, na kwenye harusi ya binti wa dada, mwaka 2015, kiti cha kaka kilibaki kitupu. Iliuma, tusifichane. Dada hakuogopea magodoro, aliogopea wale wapakuzi, na kila alipopita barabara ile alimwomba dereva apunguze mwendo alitazame lile paa.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, na kila aliyekwenda kumwona alimuuliza swali moja, "Kaka ameweka?" Hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza kaka mwenyewe.

Jumanne, tarehe 7 Novemba, mchana, betri ya foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, ilitoa cheche pale ghalani, magodoro yakashika moto, na vinyunyizio vya ndani ya rafu vikafunguka. Ndiyo, vilikuwepo! Kaka aliviweka mwaka uliofuata ule ugomvi, kwa michoro ileile ya dada, kiburi tu kikamfunga mdomo, na miaka yote hiyo ikapotea bure. Moto ukafa, wapakuzi wote wakatoka wazima, wamelowa chapachapa. Jioni ile kaka alifika hospitali ananuka moshi, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akamwekea dada kiganjani kichwa kimoja cha shaba kilichofunguka. Dada akauliza vimefunguka vingapi, akajibiwa vinne, akakigeuzageuza, akasema taratibu, "Na hewa uliyopangisha, imekulipa?" Kaka alicheka mpaka akalia, na uji wa hospitali usiku ule waliunywa bakuli moja.

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, asubuhi, mumewe upande huu na kaka upande ule, akaacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, wahandisi wenzake na mafundi bomba, na tunawashukuru wapakuzi wa ghala, mliosimama pale nyuma, ambao mmeomba ninyi ndio mbebe jeneza, nasi familia tumekubali.

Dada, leo asubuhi nimemwona kaka akiingia humu, na kabla hajatafuta kiti aliinua macho juu. Pumzika kwa amani, dari tumeshaitazama.