Ippolita Scordamaglia, Mtunza Kofia ya Mtawa

Gesualdo Trimboli, mkwe wa marehemu anayesoma wasifu huu, alimwona kwa mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1988, siku ya sikukuu ya Mtawa, mtakatifu wa kijiji chetu. Gesualdo alikuwa juu ya paa la kanisa letu la Castelgelso akibadilisha vigae. Chini, mlangoni, mama mfupi aliyevaa nguo nyeusi alikuwa ameshika kwa mikono miwili kofia ndogo ya hariri ya Mtawa, ile wanayovikwa watoto wachanga wabarikiwe, na mbele yake mtoto mchanga akilia.

"Wewe wa juu!" aliita. "Hiyo nyundo inamwombea nani? Shuka!"

Gesualdo alishuka, akasimama pembeni ameinamisha kichwa, asijue aiweke wapi mikono yake. Mama yule alimtazama, kisha akawageukia wanawake wenzake. "Huyu naye haongei. Atakuwa bado mchanga. Mleteni." Akamvika kofia huku watu wote wakicheka, akasali Salamu Maria tatu, na yeye mwenyewe hakucheka. Alipoambiwa kwamba kijana hana mama, alichukua sindano akamtilia uzi ndani ya kofia kwa mkono wake, mahali pa mama.

Marehemu alizaliwa hapa Castelgelso, katika milima ya Calabria, tarehe 3 Mei 1938, mtoto wa nne wa mzee Bruno Scordamaglia na mama Serafina. Alizaliwa katika chumba cha viwavi wa hariri, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na moto. Mama yake alizoea kusema kwamba hakusikia kilio cha kwanza cha mwanawe kwa jinsi viwavi walivyokuwa wakitafuna majani.

Alisoma kwa masista hadi darasa la tatu, mwaka 1947, akaachishwa ili achume majani ya miforsadi. Hakulalamika. Alisema viwavi walikuwa na njaa kuliko yeye.

Mwaka 1960 alifunga ndoa na Cosimo Macrì, dereva wa basi la bondeni, wakajaliwa watoto wawili, Nunzia na Fortunato. Cosimo alifariki mwaka 1983, na tangu hapo marehemu hakuvaa rangi nyingine ila nyeusi. Mwaka 1990 alimwoza Nunzia kwa yule fundi wa vigae. "Hasemi," alimwambia binti yake, "lakini paa halivuji."

Kazi yake kubwa aliipokea Januari 1969, mama Serafina alipofariki. Kila mtu hapa anajua jinsi kofia inavyorithiwa. Mtunzaji akifa, inawekwa juu ya kifua chake ndani ya jeneza, na anayemfuata anaichukua pale kwa mikono miwili kabla ya kufunikwa. Haichukuliwi kabatini, wala haitolewi na padre. Marehemu aliichukua hivyo. Kwa miaka ishirini na saba aliwavika watoto wote wa kijiji hiki, na kila mama alitia ndani yake uzi mmoja wa hariri ya nyumbani kwake. Mama akipata shida wakati wa kujifungua, marehemu aliipeleka kofia, hata kama theluji ilifika magotini. Ilisafiri katika kitambaa cha kitani pamoja na mkate, na kitambaa kilirudi na mayai, au tini, au hata konzi moja ya njugu za msituni. Aliyerudisha kitambaa kitupu alikuwa anasema kwamba hatujuani tena.

Oktoba 1996 watu wa makumbusho ya mjini walikuja na meya.

"Miaka miwili tu, mama Ippolita," meya alisema. "Itaimarishwa, ilindwe dhidi ya nondo."

"Nondo? Nimelala nao chumba kimoja tangu nizaliwe."

Lakini aliitoa. Aliitoa kwa mikono yake mwenyewe, akaifunga katika kitambaa na mkate wa moto na soseji mbili za safari. Hilo hakujisamehe.

Machi 1997 kitambaa kilirudi kwa posta. Kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, na ndani hakikuwa na kitu. Padre alisema hiyo ni heshima, tazameni pasi ilivyonyooka. Marehemu aliketi. "Hawarudi, Padre," alisema. Wengine waliendelea kungoja ile miaka miwili. Yeye hakungoja.

Mwaka 2001 mkwewe alimpeleka mjini kwa treni. Waliikuta kofia ndani ya kioo, kwenye chumba chenye giza, ndege wawili waliofumwa juu yake wakipeana migongo kama zamani. Ndani ilikuwa safi.

"Binti," marehemu alimwuliza mfanyakazi, "nyuzi zake ziko wapi?"

"Zile za juzijuzi, mama? Zilitolewa. Sasa iko kama mwanzo."

"Uzi wa Nunzia. Wa Fortunato. Wa huyu mrefu hapa. Mmeziweka wapi?"

Binti yule alisema hajui, yeye hakuwa ameajiriwa wakati ule. Kwenye kibao iliandikwa kwamba haijulikani ni nani walioitunza. Marehemu alimwambia mkwewe asome tena, labda ameruka mstari. Hakuwa ameruka.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kuchoka na miguu kuvimba. Aliomba kitu kimoja tu: akifa, kofia iletwe kwa saa moja, ilazwe kifuani pake, Nunzia aichukue kama desturi, kisha warudi nayo wakitaka. Mkwewe alipiga simu. Alijibiwa kwamba hariri ile ni dhaifu mno, haiwezi kusafiri. Miezi minne baadaye Fortunato aliona picha ya kofia gazetini, kwenye maonyesho ya nchi nyingine.

"Imepanda ndege," marehemu alisema. "Mimi sijapanda."

Alifariki nyumbani kwake, alfajiri ya tarehe 21 Novemba 2018, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha watoto wawili, Nunzia wa hapa na Fortunato wa Torino, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na kijiji kizima kilichopita mikononi mwake. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafunikwa, Nunzia alisimama mahali pa mrithi, akanyoosha mikono yake miwili, akairudisha mitupu. Mungu ampe mama yetu pumziko na amani, kwa kuwa walioombwa kidogo walikataa kutoa.

Kitambaa chake anazikwa nacho. Jioni ya mwisho alimwonyesha mkwewe kilipo, juu ya kabati, bado kikiwa na mikunjo ya ile pasi. Gesualdo alikishusha akamwekea kifuani. Marehemu alikipapasa, akakisukuma.

"Tia mkate ndani, mwanangu. Mimi siendi kwa watu na kitambaa kitupu."