Historia ya Dastani Anselmo Nampota, Mcheza Kikapu wa Lulindi, 1996–2024

Baba Padri, wazee wetu wa Lulindi, wakwe zetu mliotoka Mkunya, walimu na wachezaji mliotoka Newala, wakubwa shikamooni, wadogo zangu poleni na safari. Naitwa Erasto Anselmo Nampota, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, ambayo sehemu yake tumeiandika mimi na mjane, na sehemu nyingine marehemu mwenyewe aliniagiza mwezi Agosti kwamba siku yake ikifika isomwe bila kufichwa neno, nami nilimuahidi.

Marehemu Dastani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1996 hapa Lulindi, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Anselmo Nampota na mama yetu Severina, aliyekaa hapa mbele, alibatizwa katika kanisa hili Pasaka ya mwaka 1997, na tangu utotoni alikuwa na mikono mirefu na vidole vyembamba, hata mama akawa anamtania, "Wewe umechukua kila kitu cha baba yako, mimi nimekubeba tu."

Alianza darasa la kwanza hapa hapa Lulindi mwaka 2003. Tarehe 9 Novemba 2005, akiwa darasa la tatu, baba yetu alianguka shambani wakati wa kuokota korosho, akasema mgongo unachanika, na kabla hatujapata chombo cha kumbeba alikuwa ameshakata roho, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye nguvu, aliyetoka nyumbani asubuhi ile na gunia kichwani. Katika historia kama hizi huwa tunasema "aliugua ghafla", halafu tunapita, lakini leo sitapita. Watu walitafuta sababu, na wakaiona kwa mdogo wake baba, yaani baba mdogo Dauda, kwa kuwa wiki moja kabla walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa mikorosho, na arobaini ilipokwisha watu walikwenda kwake wakimwita mchawi, wakabomoa nyumba, naye akahamia Chiungutwa na mke wake, wakaishi huko kama wageni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na mimi ndiye niliyepanda juu ya paa na kung'oa bati la kwanza, na Dastani alikuwa chini analia, akiniambia, "Kaka, shuka."

Alimaliza darasa la saba mwaka 2009, akachaguliwa kujiunga na sekondari mjini Newala mwaka 2010, na huko ndiko alikokutana na Mwalimu Salmini, mwalimu wa Hisabati, ambaye alikuwa amemwomba fundi amchomelee goli la kikapu kwa nondo, kwani shule haikuwa nalo, na alipomwona Dastani akiinama kuingia darasani alimwambia, "Kijana, wewe usiende kwenye mpira wa miguu, njoo huku." Mwalimu yuko hapa, atanisahihisha nikikosea, miezi sita ya kwanza marehemu hakufunga hata goli moja la maana, alikuwa akijikwaa kwenye miguu yake mwenyewe, lakini alipofika kidato cha nne alikuwa na futi sita na inchi sita, na timu kutoka Masasi zilikuwa zikija Newala zikijua zinakuja kufungwa.

Alisoma kidato cha tano na cha sita Mtwara kuanzia mwaka 2014 hadi 2016, kisha akajiunga na chuo kimoja Dar es Salaam, na katika mashindano ya vyuo ya mwaka 2017 alifunga pointi thelathini na moja katika mchezo wa fainali, mbele ya kocha mgeni aliyekuwa akitafuta wachezaji, na mwezi Agosti 2018 alisafiri kwenda Marekani kusoma na kucheza katika chuo kidogo katika jimbo la Iowa. Ujumbe wake wa kwanza wa sauti ulisema, "Kaka, huku naingia mlangoni bila kuinama," na mama aliomba urudiwe mara tatu. Alicheza miaka minne, mwaka wa tatu akiongoza timu yake kwa kudaka mipira, akahitimu shahada ya Elimu ya Michezo mwezi Mei 2022.

Tarehe 9 Julai 2022 alifunga ndoa katika kanisa hili na Anjelina wa Mkunya, ambaye walifahamiana tangu sekondari Newala, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Winfrida, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2023. Mwezi Septemba 2022 marehemu alianza kucheza kwa kulipwa katika klabu ya daraja la pili nchini Ureno, wa kwanza kutoka kwetu huku kufanya hivyo, na msimu ule ulikuwa furaha yake kubwa, najua kwa sababu alikuwa ananipigia baada ya kila mchezo, hata wakifungwa.

Mwezi Agosti 2023 klabu kubwa zaidi ilimtaka, na kabla ya kusaini walimpima moyo kwa mashine, daktari akamwonyesha mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, umetanuka na kuwa mwembamba, akamwambia kuwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaitwa Marfan, ndio uliomrefusha mikono na vidole, kwamba akiendelea kukimbia mshipa utachanika, kisha akamuuliza, "Baba yako alifariki vipi?" Marehemu alimweleza habari za shamba, za mgongo unaochanika, na daktari akayaandika yote kwenye faili lake.

Siku ile ile alinipigia simu, akasema, "Kaka, baba hakulogwa." Nilimjibu kwamba Wazungu hawajui mambo ya kwetu, nikakata simu.

Hapa nasema jambo ambalo ni zito kwetu. Dastani alipewa ushauri wa kuacha, na hakuacha, alikwenda klabu ya nchi nyingine ambayo haikumpima, naye hakuwaambia, akacheza msimu mzima wa mwaka 2023 hadi 2024 huku akijua, na Anjelina alipomsihi kwa simu arudi alimjibu, "Nikiacha kikapu, mimi ni nani? Urefu huu wote ni wa nini?" Mwezi Aprili 2024 alizimia uwanjani, akaamka, na alichotaka wakati ule ni kumwona mtoto wake, basi alirudi nyumbani tarehe 11 Juni 2024.

Wiki ile ile alipanda bodaboda kwenda Chiungutwa, akapiga magoti mbele ya baba mdogo Dauda, akamweleza yote na kumwomba arudi Lulindi, na mzee akamjibu, "Wewe hukunikosea, mwanangu, mwambie kaka yako aje." Dastani alinifikishia salamu hizo mwezi Juni, akanikumbusha Julai, akanikumbusha Agosti, kila mara nikisema nina kazi za shamba. Kazi za shamba zilikuwepo, lakini sizo zilizonizuia.

Marehemu alikuwa akifundisha vijana wa Newala akiwa ameketi kwenye kiti, alipangiwa upasuaji Dar es Salaam tarehe 18 Novemba 2024, lakini Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, wakati wa chai ya asubuhi huko Mkunya, alishika kifua akamwambia mke wake, "Mama Winfrida, ndiyo hii," akafikishwa hospitali mjini Newala, madaktari wakahangaika naye, na saa sita na dakika kumi mchana aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Siku ile ile nilikwenda Chiungutwa. Baba mdogo Dauda aliniona, akajua, akauliza tu, "Aliteseka sana?" kisha akaingia ndani kuchukua koti. Yuko hapa, amekaa karibu na mama, hajaniambia kama amenisamehe, nami mbele yenu natamka kwamba hakumuua kaka yake, hakumuua Dastani, na kwamba tuliobomoa nyumba yake tulikosa.

Mtoto Winfrida alipimwa mwezi Septemba, naye anao ugonjwa huu, anatumia dawa, na madaktari wanasema akifuatiliwa ataishi. Jumatatu ijayo, tarehe 11, mimi na wanangu watatu tunakwenda kupimwa, na yeyote wa ukoo wa Nampota anayetaka aje, gari litaondoka hapa kanisani saa kumi na mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Newala, Mwalimu Salmini na wachezaji wake waliochimba kaburi, majirani wa Mkunya, akina mama wa Lulindi mliopika tangu Jumamosi, na wenzake wa Iowa na Ureno waliotuma salamu ambazo Anjelina amezisoma zote.

Dastani, mdogo wangu, nimesoma kama ulivyoniagiza, sikuficha. Pumzika kwa amani.