Mwalimu Khairat Mmanga na Siku ya Kikombe cha Gombani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Mashehe wetu, wazee, walimu mliofanya kazi na marehemu, wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, na kina mama mliokaa upande wa ndani: familia inawashukuru kwa kuja Gando kwenye hitma hii. Haya ni maisha ya Mwalimu Khairat Mmanga Kificho kama jamaa zake walivyoyajua, na kama mwenyewe alivyotaka yasomwe.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Gando tarehe 14 Machi 1985, mtoto wa nne wa Mzee Mmanga Kificho, mkulima wa mpunga na mhogo, na Bi Time Faki. Tangu mdogo alipenda ngoma kuliko chakula. Siku moja mama yake alimtuma mafuta ya taa, naye njiani akakuta harusi. Jua lilipozama alirudi na chupa tupu, lakini hatua za ngoma ile alikuwa nazo zote, akamwonyesha mama yake pale pale uani. Bi Time alishika kuni ampige, akashindwa kwa kucheka.

Alisoma skuli ya msingi ya hapa kijijini, akaendelea na sekondari Wete, na mwaka 2005 akaenda Unguja kwenye chuo cha ualimu. Huko walimcheka lafudhi yake ya Kipemba mpaka siku alipopanda jukwaani na kikundi cha sanaa cha chuo. Baada ya siku hiyo walimwita Mwalimu hata kabla hajahitimu.

Januari 2008 alipangiwa Skuli ya Msingi Mikarafuu Miwili, Chake Chake, akawa mwalimu wa darasa la tatu mpaka maradhi yalipomtoa kazini. Tarehe 18 Disemba 2010 aliolewa na Bwana Haitham Bakari wa Pujini, fundi umeme, ambaye kazi yake ilikuwa Unguja na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto watatu: Mwanawema, Masoud na Moza.

Kikundi cha ngoma cha skuli alipewa mwaka 2016, mimba ya Masoud ikiwa tumboni, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka. Maneno hayakukosa. Walisema mke wa mtu, mume hayupo, anarukaruka uwanjani mbele ya watoto wa watu. Mama mkwe wake, Bi Mize, alimwambia waziwazi:

"Khairat, ngoma ina wenyewe, wasio na wana wachanga. Weye una kazi ya kutosha."

"Mama, ni saa moja tu baada ya Alasiri."

"Saa moja ya mwalimu naijua mie."

Hakuacha. Alifundisha msewe, wavulana mbele na njuga za majani miguuni, wasichana nyuma wakiitikia. Alihesabu mapigo kwa kiganja huku mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko. Masoud alizoea kulala ngoma ikilia, na ikinyamaza ndipo anaamka kulia. Wanafunzi walikuwa wakimbembeleza kwa kupiga ngoma. Wengi wenu mliokaa hapa mnakumbuka.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ililijadili sana kabla ya kuliandika. Dini yetu inatufundisha kumsitiri maiti. Lakini marehemu aliusia jambo hili lisomwe, na shehe wetu alipoulizwa alisema kwamba ikiwa ndani yake mna haki ya aliye hai, wasia huo utekelezwe. Ndiyo maana mnalisikia.

Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 2018 skuli ilikuwa na mashindano ya ngoma kwenye uwanja wa Gombani. Mwanawema alikuwa na miaka sita, Masoud miwili, Moza miezi mitano. Bwana Haitham alikuwa Unguja. Masoud aliamka na homa kidogo, na mama yake alipofika skuli kuwavisha wanafunzi, akamlaza kwenye stoo ya vifaa, juu ya lundo la kanga za ngoma. Mtoto akashikwa na usingizi. Gari ikaja mapema kuliko ilivyosemwa, dereva akapiga honi, watoto wakagombea viti. Mwalimu Khairat aliwaita wanafunzi wake kwa majina, mmoja mmoja, wakapanda. Akafunga stoo kwa kufuli, kwa kuwa mlikuwa na vitu vya skuli. Akapanda gari na Moza mgongoni. Alikuja kusema baadaye kwamba ule uzito wa mgongoni ndio uliomdanganya. Mwili wake ulimwambia kuwa mtoto yupo.

Skuli yake ilichukua kikombe. Alisimama katikati ya uwanja wanafunzi wamemzunguka, wanaruka, yeye anacheka na machozi yanamtoka. Hapo mwalimu mmoja wa skuli nyingine akaja kumpongeza, akamshika Moza shavu, akauliza:

"Na kaka yake leo yuwapi?"

Kikombe alimpa mtu ambaye hakuweza kumkumbuka tena. Alikimbia mpaka barabarani, akapanda bodaboda na Moza mgongoni, akawaacha wanafunzi na mwalimu mwenzake.

Nyuma ya stoo ile, ukuta kwa ukuta, lilikuwa duka la nguo la Bi Savitaben, ambaye ndiye aliyekuwa akiikatia skuli vitambaa vya ngoma. Alisikia sauti, akadhani paka. Iliporudi akajua ni mtoto. Alimwita mlinzi, mlinzi hakuwa na ufunguo, basi akaamrisha dirisha livunjwe. Mwalimu Khairat alipoingia uani alikuta majirani wamejaa. Masoud alikuwa mapajani mwa Bi Savitaben, amezungushiwa kitambaa kipya cha dukani, amejichafua, sauti imemkauka hata kilio hakitoki. Bi Mize naye alikuwa ameshapigiwa simu, amefika kutoka Pujini.

"Mwalimu, ilikuwaje?" mtu mmoja aliuliza.

Macho yote yalimgeukia. Walikuwapo wazazi wa wanafunzi. Walikuwapo wale waliosema tangu mwanzo kwamba mwanamke huyu ngoma zitamtia aibuni. Naye akasema:

"Nilimwachia dada yake."

Haikuwa kweli. Asubuhi ile Mwanawema alikuwa ameshapanda gari zamani, amekaa kati ya wachezaji, wala hakuna mtu aliyemwachia mtoto.

Dakika hiyo hiyo gari ya wanafunzi ikaingia, watoto wanaimba, Mwanawema yuko mlangoni. Aliruka chini kwa furaha akakuta umma mzima unamtazama. Bi Mize alimshika sikio.

"Unaachiwa mwana, unakwenda kucheza?"

Akampiga kofi. Mwanawema alifungua kinywa, kisha akamtazama mama yake. Mama yake aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga mbeleko ya Moza.

Jioni ile Bi Mize aliondoka na Masoud. "Huyu nakwenda naye Pujini," alisema. "Weye baki na kikombe chako." Bwana Haitham alipopigiwa simu hakupinga. Marehemu naye hakupinga. Aliona ni stahili yake, na kwamba akibishana ataulizwa zaidi.

Jumatatu iliyofuata alikabidhi ngoma kwa mwalimu mkuu. Kila Ijumaa alikwenda Pujini kumwona mwanawe. Mwanzoni Masoud alimkimbilia, baadaye akawa anajificha nyuma ya bibi yake, na mwishowe akawa analia anapobebwa. Kwenda kazini alizunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya duka la Bi Savitaben. Walimu wenzake walidhani anaona haya kwa kusahau mtoto, wakamfariji: hayo hutokea, Mungu amestiri. Kila walipomfariji alizidi kuumia, kwa sababu aibu iliyomla siyo hiyo waliyoijua wao. Kusahau aliweza kueleza. Lile neno alilosema uani hakuweza.

Mwanawema hakulalamika hata siku moja. Alikuwa mtoto msemaji, akawa kimya. Mama yake alijiambia kwamba amesahau, watoto husahau.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata Bi Savitaben alikuja mwenyewe nyumbani, akapiga hodi, akakataa chai.

"Mwalimu, mbona hunipitii tena dukani? Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kwa Mwanawema."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Kila akitoka skuli anaingia dukani, anasimama karibu na kaunta, ananiambia, 'Bibi, nisamehe, nilimsahau mdogo wangu.' Nimeshamwambia yamekwisha, lakini kesho anakuja tena. Mie nina wajukuu, Mwalimu. Mtoto hawi hivi."

Marehemu alimsindikiza mgeni wake mpaka barabarani.

Siku ya pili, ambayo haikuwa Ijumaa, aliomba ruhusa kazini akaenda Pujini. Alimkuta Bi Mize anapeta mchele pamoja na majirani wawili. Bi Mize alishangaa.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kusema neno."

"Basi ngoja hawa waondoke."

"Wasiondoke. Nililisema mbele za watu." Akasimama pale pale juani. "Mwanawema sikumwachia mtoto. Nilimsahau mimi. Niliogopa maneno ya watu, nikamsingizia mwanangu."

Bi Mize aliweka ungo chini. Majirani waliona haya kuwapo, wakajishughulisha na pumba. Bi Mize akasema, "Na mie nikampiga."

"Ndiyo, mama."

"Nikampiga na weye unatazama."

"Ndiyo."

"Mwana wako utampata, sikatai. Lakini radhi usiniombe mie. Mie na weye tuna mtu mmoja wa kumwomba."

Walirudi Chake siku ile ile, wanawake wawili na Masoud. Walimkuta Mwanawema anamlisha Moza uji. Bi Mize, mama mzima na miguu yake mibovu, alikaa chini mbele ya mjukuu wake akamtaka radhi, na mama wa mtoto akafuata. Alimweleza kila kitu: stoo, kufuli, honi ya gari, na lile neno. Mwanawema aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kama anayemsahihisha mtu mzima bila kumvunjia heshima:

"Lakini mama, mimi nakumbuka. Uliniambia nimtazame."

"Sikukwambia, mwanangu."

"Uliniambia. Pale mlangoni. Nakumbuka."

Marehemu aliishi na jibu hilo maisha yake yote. Alikuwa amekuja kurudisha alichokichukua, akakuta mtoto ameshakijengea kumbukumbu ndani ya kichwa chake. Alilirudia jambo lile kila alipopata nafasi, Mwanawema akiwa na miaka minane, kumi, kumi na mbili. Binti alikuwa akimwitikia "sawa, mama," kwa huruma, kama mtu anayesamehe uongo wa mgonjwa.

Masoud alirudi nyumbani, na ilichukua mwaka mzima mpaka akaacha kuamka usiku akimwita bibi. Mwaka 2021 skuli ilimwomba marehemu arudi kwenye ngoma. Alikataa mara mbili. Aliyemrudisha ni Bi Mize. Alikuja na mkeka wake uwanjani, akakaa na wajukuu, akasema, "Fundisha. Hawa wako kwangu." Akawa hakosi, na baada ya muda mfupi akawa na maoni: huyu hainui mguu, yule kanga imemlegea. Wanafunzi walimwogopa kuliko mwalimu. Kikombe hakikupatikana tena, ila wa pili walikuwa mara mbili.

Februari 2025 marehemu aligundulika na maradhi ya figo. Alipelekwa Unguja, akawa anasafishwa damu, na Bwana Haitham akawa naye bega kwa bega. Mwezi wa Oktoba aliomba arudishwe Gando. Bi Mize alihamia hapa kumuuguza. Alimwogesha na kumlisha kwa mkono wake.

Siku chache kabla ya mauti alimwita kaka yake, Kombo Mmanga, anayesoma karatasi hii.

"Kaka, mtaniandikia maisha yangu."

"Usiseme hayo."

"Mtaandika. Basi msiniandikie sifa tupu. Uongo niliusema mbele za watu, na watu wale hakuna aliyewarudia. Mimi nimemwambia Mwanawema mpaka nimechoka, haniamini, anadhani nambembeleza. Akiusikia kwa watu, labda ataamini."

"Na aibu yako?"

"Aibu ni yangu, kaka. Nataka nende nayo mimi, isibaki kwake."

Mwalimu Khairat alifariki dunia hapa Gando siku ya Alkhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, baada ya sala ya Alasiri, akiwa na umri wa miaka arubaini. Alizikwa siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa.

Ameacha mama mzazi, Bi Time Faki; mume, Bwana Haitham Bakari; mama mkwe, Bi Mize; ndugu zake; na watoto watatu, Mwanawema, Masoud na Moza. Ameacha pia wanafunzi wengi waliojifunza kucheza mikononi mwake.

Na kwa wasia wake, mbele ya mashehe, mbele ya walimu na wazazi wa Mikarafuu Miwili mliokuwapo uani siku ile, na mbele ya Bi Savitaben aliyekuja kutoka Chake na amekaa ndani pamoja na kina mama, familia inasema: Mwanawema Haitham hakuachiwa mtoto. Hakuna aliyemwambia amtazame. Alikuwa na miaka sita, amekaa garini, anaimba.

Mwanawema, mwanetu, umesikia.

Ewe Mola, mja wako Khairat amekuja kwako bila kuficha kitu. Msamehe, umpanulie kaburi lake, umpumzishe kwa amani. Amin.