Mama Agar Katungu, Aliyeunganisha Bon za Chakula za Bamama ba Ruwenzori (1950–2003)

Bachungaji, ndugu na bajirani, familia imenituma miye Gérard, mutoto wa ndugu yake, nibasomee maisha ya mama huyu tunayemusindikiza leo.

Mama Agar Katungu Vagheni alizaliwa Alimbongo, tarehe 14 mwezi wa tano 1950. Baba yake Syauswa alikuwa mulimaji wa viazi. Mama yake Kahongya alikuwa muimbaji wa kanisa.

Alisoma primaire kwa misioni mpaka mwaka wa ine. Mama yake akazaa mapacha, na hapakukuwa mwingine wa kubabeba. Hakulalamika, lakini batoto benye uniforme bakipita, alikuwa anabafuata na macho.

Mwaka 1968 aliolewa kanisani na Mathe Jéthro, fundi wa mbao wa Kalunguta. Mungu alibapatia batoto batano. Mama alikuwa anauzisha maharagi na makayabo, samaki ya chumvi, ku soko ya Butembo, na Mathe alipenda kusema bibi yake anaweza kupatana bei hata ku mulango wa mbinguni.

Mwezi wa kumi na moja 2000, benye bunduki balichoma manyumba ya Kalunguta. Mathe aliuawa mbele ya atelier yake. Mpaka leo hatujue ni bunduki ya nani. Mama alikimbia na batoto mpaka Beni, bakapokelewa mu chumba kimoja kule mutaa wa Ruwenzori.

Shirika moja lilikuwa linagabulia badéplacés, batu benye kukimbia vita, bon, ni kusema karatasi yenye muhuri ya kupeleka ku duka ili mutu apate unga, maharagi, mafuta na chumvi. Lakini kila mama alienda peke yake, amechoka, na chakula kiliisha mbele ya mwezi kuisha. Mama Agar aliona sababu.

"Tukienda mumoja mumoja, ku duka banatupimia na kopo yenye kubonyea," alibaambia. "Tuunganishe bon zetu, tukamate gunia nzima, tugabule siye wenyewe."

Balifanya vile, na unga ukaanza kufika mwisho wa mwezi. Kulikuwa pia bafanya biashara benye kusimama njiani kununua bon kwa bei ya chini. Mama aliomba bamama basiziuzishe hata kidogo, kwa sababu feza inaisha siku moja na batoto banalala njaa.

Mwezi wa pili 2002, Abigaïl, mutoto wake wa mwisho, alishikwa na malaria. Hapakukuwa kitu ingine ya kuuzisha. Mama aliuzisha bon yake njiani, akanunua quinine. Abigaïl alikufa hata hivyo. Siku ya kukamata gunia ilipofika, Mama alijifungia ndani. Jirani yake Rébecca alikuja kumuita.

"Mama Agar, bamama banakungoja."

"Hapana. Niliuzisha yangu. Nitasema nini mbele yabo?"

"Hakuna wa kukuuliza. Bila weye, ku duka batatuibia."

"Minachoka, Rébecca."

"Siye bote tunachoka. Funga kitambaa, twende."

Alienda. Alisimamia gunia kama kawaida, akapimia kila mutu. Kisha bamama, mumoja nyuma ya mwingine, balimimina kopo moja moja ya unga wabo mu beseni yake. Mama alilia pale, mbele ya batu bote. Tangu Kalunguta hakuna aliyemuona analia. Akapangusa macho, akaendelea kupima.

Tangu mwanzo wa mwaka huu alisumbuliwa na tension ya damu, miguu ikavimba. Tulimupeleka hospitali hapa Beni. Siku moja redio ya mugonjwa wa jirani ilisema vita imeisha.

"Donc barabara ya Kalunguta imefunguka?" aliuliza.

Alifumba macho, akasema atapumzika kidogo kwanza. Aliaga dunia siku ya posho, ni kusema jumamosi, tarehe 9 mwezi wa munane 2003, asubuhi, mukono wake mu mukono wa mutoto wake Kasika.

Anaacha batoto bane, Kasika, Esdras, Élysée na Précieux, bajukuu, mapacha aliobabeba, ambao ni baba yangu na dada yake Mariette, na bamama ba Ruwenzori benye kupika chakula cha leo.

Mama Agar apumzike kwa amani, ile amani alikufa akiiulizia.