Bi Nani-Hakufika

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Hebu punguzeni kelele za vyombo huko jikoni. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka wiki iliyopita. Kazi yake ilikuwa kutathmini sera. Yaani wakubwa wakiamua jambo, yeye ndiye anayetumwa kuangalia: limesaidia, au limeumiza? Ofisini walimtania, wakamwita Bi Nani-Hakufika. Utani wenyewe hauchekeshi, mtasikia.

Zamani wakubwa waliona zahanati ndogo za kujifungulia hazina wataalamu wa kutosha. Wakasema zifungwe, kina mama waende hospitali moja kubwa. Kwanza sera hiyo ijaribiwe wilaya moja. Ikifaulu, nchi nzima. Mama huyu akatumwa kupima. Alikuta wodi safi, mashuka meupe, madaktari wapo. Akaketi kando ya kila kitanda, akawauliza wazazi. Wote wakasifu. Naye akaandika alichosikia: sera imefaulu. Wakubwa wakapiga makofi, zahanati zikafungwa nchi nzima.

Shikeni hapo, wapendwa. Aliwauliza waliofika hospitali. Waliofika tu.

Mwaka uliofuata alirudi wilaya ile kupiga picha za kujisifia. Njiani gari likapata pancha, mbele ya nyumba ya fundi mwashi. Mwashi akamkaribisha kiti, akampa maji. Pembeni palikuwa na kitanda cha mtoto, kipya kabisa, kimejaa zana zake za kazi: mwiko, timazi na kamba. Mgeni akaeleza kazi yake, kwa fahari kidogo.

"Kwani mlimuuliza nani, mama?"

"Wazazi waliojifungulia hospitali."

"Wangu hakufika," alisema mwashi. "Tulipita mlangoni pa zahanati, tukakuta kufuli. Tukaendelea na safari. Hakufika. Wala mtoto."

Hakumfokea. Alimwongezea maji. Binti wa marehemu anasema ndicho kilichomtesa mama yake, yale maji. "Alikuwa akisema, heri angenitukana."

Mama akamwendea mkuu wake wa kazi. Akaomba tathmini irudiwe, safari hii ianzie majumbani. Mkuu akacheka. "Sera imeshapita, dada yangu. Maji yakimwagika hayazoleki." Maneno ya mtu ambaye hajafiwa, mnisamehe. Basi mama akachukua likizo, akaenda mwenyewe. Nyumba kwa nyumba, swali moja: nani hakufika? Alijibiwa, wasikilizaji. Alijibiwa hadi akakonda.

Akabeba majibu hayo ofisi hadi ofisi, mwaka nenda mwaka rudi. Wapo waliomkwepa kwenye korido. Mwishowe zahanati kadhaa zikafunguliwa. Ile ya kwa mwashi, hapana. Hadi jioni hii ninapozungumza nanyi, ina kufuli.

Nyumbani hakufunga mlango bila kuchungulia barabara. Binti akimuuliza, "Unamsubiri nani, mama?" hujibu, "Yupo." Basi. Nami niliposikia hilo mwili ulinisisimka, na nywele zangu si za kusimama ovyo.

Siku ya mwisho chumba kilijaa watoto, wajukuu na ndugu. Akafumbua macho. "Nani hakufika?"

"Tumefika wote, mama," binti akamwambia. "Hakuna aliyekosa."

Akautazama mlango. "Hata mimi niliandika hivyohivyo," alisema. Hakusema tena.

Kwa binti, wajukuu na ukoo mzima: poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tukiambiwa sera fulani imefaulu, tuulize walioulizwa ni akina nani, na walikutwa wapi.

Neno moja kabla sijanyamaza. Kipindi hiki nilikiandaa kwa kuzungumza na waliofika mazikoni. Nimekumbuka sasa hivi, nikiwa hapa mbele ya kipaza sauti. Fundi mwashi, wewe hukuwepo, na hakuna aliyekuuliza. Kama unanisikia, simu ya studio iko wazi. Nangoja.